Mota Iliyonguruma Bila Kuzunguka

Kalombo alikuwa na ugonjwa wa namba. Alipokuwa magazinier, mtunza stoo wa kampuni ya mgodi, walimpa namba ya kazi, 4417, naye akaipenda kuliko jina alilopewa na babake. Kila kitu kilichoingia nyumbani kwake Dilala alikishika, akachukua msumari na kukichora namba hiyo. Ndoo, 4417. Jembe, 4417. Sahani za bati, zote 4417 kwenye ukingo, utadhani wezi wa Kolwezi wamekaa tu wakingojea sahani zake. Mkewe Ernestine alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku akizidisha usingizi ataamka amechorwa kisogoni.

Ernestine ni jina ambalo serikali ilikuwa imelikataza pamoja na majina mengine yote ya Kizungu. Kwenye kitambulisho aliitwa vingine. Lakini hakuna askari aliyewahi kuingia jikoni kulifuta, basi jikoni alibaki Ernestine.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na dharau nyingi, na dharau yake ilikuwa na sababu. Mwaka mmoja nyuma, vita ilipoingia Kolwezi, wapiganaji walipita nyumba kwa nyumba, na ole wake mtu aliyekutwa na beji ya chama cha serikali kifuani. Wiki hiyohiyo Mama Mbelu, mamake Ernestine, akafa. Hakupigwa risasi. Moyo ulisimama akiwa ameketi jikoni, sahani yake mapajani. Ilibidi azikwe. Jirani yao Feruzi, Mwislamu wa asili ya Kasongo mwenye kikamioneti cha kusafirishia unga na samaki wakavu, ndiye aliyemfunga yule mama kwa mkeka, akampakia, akachimba pamoja na Ernestine na wanawake wengine wa avenue, mtaa wao, akasimamisha kibao kichwani pa kaburi. Na Kalombo? Kalombo alikuwa chini ya kitanda. Malaria, alisema. Malaria gani hiyo inayopanda mlango ukigongwa na kushuka barabara ikinyamaza?

Wapiganaji walipoondoka, wakaja askari wa serikali, nao wakauliza nani alikuwa upande gani. Hapo Kalombo akatoka chini ya kitanda na hadithi mkononi. Eti beji yake hakuivua hata dakika moja. Eti aliivaa kifuani, akatangulia mbele ya maiti ya mkwewe kutoka nyumbani hadi makaburini, na wapiganaji walipoona uso wake hauna woga wakamfungulia njia. Askari wakampigapiga bega, wakapita nyumba nyingine. Ernestine alinyamaza kwa sababu hadithi ile iliwaondoa mlangoni kwake. Feruzi alinyamaza kwa sababu siku zile mtu mwenye akili hakumsahihisha mwenzake mbele ya bunduki. Askari walikwisha kwenda zao zamani, lakini hadithi haikwenda. Ilikaa, ikala, ikanenepa. Kila alipoisimulia aliongeza chumvi, mpaka wakamfanya mkuu wa avenue.

Sasa njoo kwenye mashine.

Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia, jua kali, na upande wa Sandoa mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya jioni. Ernestine aliyatazama mawingu yale kwa hofu. Kibao kilichosimamishwa na Feruzi kilikuwa ubao wa kreti tu, na mvua za mwaka uliopita zilikwisha kuifuta rangi ya jina. Wiki ile ya vita watu walizikwa kwa haraka, mstari kwa mstari, vibao vyote sura moja. Mvua za mwaka huu zikikivunja kile kibao, Mama Mbelu atapotea. Ernestine alisema hivyo, bila kupamba: mama yangu atapotea. Kwa hiyo ndugu walikubaliana kuondoa matanga kabla ya mvua na kusimamisha msalaba wa mti mgumu, jina lake limechongwa ndani ndani, siyo kupakwa.

Feruzi alisema anamjua fundi wa kuchonga kwa patasi. Kalombo akacheka kwa pua.

"Kwa patasi? Kama batu ya zamani? Mi niko na mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa ugonjwa wake wa pili. Kwenye karakana ya kampuni alikuwa ameona mtambo wa kuchonga namba kwenye vibao vya chuma: mkono mmoja unafuata herufi ya mfano, mkono wa pili, wenye kisu kinachozunguka, unachonga herufi ileile kwenye kazi. Kwa miezi aliunga wa kwake kwa vyuma vya kitanda, sehemu za baiskeli na mpira wa ndani wa gurudumu. Kitanda cha wageni kilikufa kwa ajili hiyo. Mota ilitoka kwenye mashine ya kufulia ya injinia mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao kabla ya vita. Siku alipoileta, Kalombo aliijaribu juu ya meza, ikazunguka vizuri, ikakimbia na meza pamoja, kuku wakahama uwanja. Baadaye vita ikaja, na mota ikalala chini ya kitanda, pamoja na mwenyewe.

Ilipofungwa kwenye mashine na kuchomekwa kwenye umeme, ilitoa sauti nzito, mmmmm, kama mtu mzima anayekataa kujibu. Haikuzunguka hata nusu.

Kalombo aliichomoa, akaichomeka. Mmmmm. Aliipiga kofi. Mmmmm. Harufu ya moto ikaanza kutoka. Akatangaza kwamba umeme wa Dilala umepungua siku hizi. Ernestine akawasha taa iliyokuwa kwenye waya uleule. Ikawaka hadi ikaumiza macho. Kalombo akasema umeme wa taa na umeme wa mota si umeme mmoja.

"Aa, kumbe," akasema Ernestine. "Iko umeme ya bwana na umeme ya bibi."

Ikabidi aitwe Ngoy, fundi umeme aliyekaa avenue ya nyuma. Ngoy alikuja na taa yake ya kupimia, akajaribu soketi, akajaribu waya, kila mahali umeme ulifika. Akasema mota inayonguruma bila kuanza mara nyingi imekufa kondansateri, kile kikopo kinachoipa msukumo wa kwanza. Akakitoa, akaweka kingine. Mmmmm. Basi akazima umeme, akashika ekseli kwa vidole akajaribu kuizungusha. Ikakataa. Akaishika kwa koleo. Ikasogea kidogo, ikagonga kitu, ikarudi.

"Tata Kalombo," akasema, "umeme iko, kondansateri iko. Lakini hata ku mukono inakatala. Kiko kitu mu ndani kinaikamata. Tuifungule."

Uso wa Kalombo ulibadilika. Ernestine, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni, aliuona ukibadilika.

"Hapana! Mota ya Bazungu bafungaka mara moja tu, kule Bulaya. Ukiifungula, inakufa."

"Tata, mi nafungulaka ma mota kila siku ku kazi."

"Ile ya kampuni, sawa. Hii ya nyumba iko na namna yake."

Ngoy alimtazama, akaitazama mota, akamtazama Ernestine. Kisha akakusanya vyombo vyake.

"Basi mubaki nayo. Lakini musiiache na umeme mingi. Itaungua, na hapo hata mi sitaweza kitu."

Tangu siku hiyo nyumba ile haikukalika. Mara ni mvuke wa bukari, ugali wao, unaoingia kwenye mota, Ernestine akapikie nyuma. Mara ni wanawake wanaopitapita mbele yake. Mara ni jicho la jirani, na aliposema jirani alinyoosha mdomo kuelekea kwa Feruzi, yule aliyembeba mama mkwe wake. Siku moja Ernestine aliamka alfajiri akamkuta bwana mzima, mkuu wa avenue, amepiga magoti mbele ya mota na kuingiza spoku ya baiskeli kwenye matundu ya hewa, anachokoa, anatoa, anachokoa, jasho linamtiririka.

"Unatafuta nini mule?"

"Vumbi," akasema Kalombo.

Vumbi! Mtu anatokwa jasho hivyo kwa ajili ya vumbi?  Ernestine akamwambia kwamba siku zinakwisha, amwachie Feruzi amwite fundi wa patasi. Kalombo akaja juu. Msalaba wa mama mkwe ni kazi ya mukwe, akasema, si kazi ya watu wa barabarani. Na ule mti mgumu alikwisha kuukata na kuufunga kwa skrubu kwenye mashine yake, hakuna mkono utakaougusa. Ernestine alitoka nje akalia, si kilio cha huzuni, cha hasira, akamkaripia kuku aliyekuwa hana kosa.

Ijumaa akafika kaka mkubwa wa Ernestine, Mukalay, kutoka Sandoa, juu ya lori la mihogo, amekumbatia mbuzi. Mukalay alikuwa mkulima mnyoofu, mwenye kuamini anachoambiwa. Aliweka mbuzi chini mbele ya Kalombo, akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji, wakati ya vita njia ilifungwa. Mama alikufa sawa mutu hana batoto. Lakini weye ulimutangulia mbele ya bunduki. Hii mbuzi ni ya asante. Na kesho, weye njo utatangulia."

Maana kwao ndivyo ilivyo: aliyempeleka marehemu ndiye huwatangulia watu siku ya kuondoa matanga. Anakwenda mbele peke yake, ukoo mzima nyuma, hakuna anayesema neno mpaka ameng'oa kibao cha zamani kwa mkono wake.

Ungetegemea mtu mwenye haya hata kidogo angekohoa. Kalombo aliinama, akaweka mkono kifuani, akasimulia tena. Safari hii wapiganaji walimpigia saluti. Mukalay alifuta machozi. Ernestine alikuwa akimwaga maji ya kunawa. Akamwaga nje ya beseni, miguuni kwa mumewe. Kalombo hakuona. Alikuwa amekwisha kuchukua msumari, anamchora mbuzi kwenye pembe, 4417.

Mchana wanaume wakaenda kunywa munkoyo kwa ndugu. Kabla ya kutoka, Kalombo alimvuta mkewe kando.

"Kesho utatembea karibu na mi. Pembeni kabisa. Ni heshima."

"Heshima ya nani?"

"Ya mama," akasema, na akatoka.

Hapo ndipo Ernestine alipokumbuka kwamba mumewe hajawahi kufika kwenye kaburi lile. Mwaka mzima. Kila alipomwambia twende tukafagie, alijibu kwamba mukwe hazungukizunguki kwenye kaburi la mama mkwe, ni kukosa adabu. Yeye Ernestine aliona ni uvivu. Akasimama katikati ya chumba, na mota ile mbele yake, bubu, imefungwa skrubu nne.  Alichukua kisu cha jikoni, kile cha kumenyea mihogo, kilichokwisha ncha, akaanza kufungua.

Skrubu zilikuwa rahisi kuliko zile za cherehani. Kifuniko kikatoka. Hakukutoka pepo wala moshi wa Bulaya. Ndani kulikuwa na feni ndogo, na katikati ya feni na ukuta wa mota kulikuwa na kitu cha mviringo, kimekaba, pini yake imejikunja na kujichomeka kati ya mapezi. Alikivuta kwa kisu. Kikatoka.

Ilikuwa beji ya chama.

Aliigeuza. Nyuma, kwa msumari, kwa mkono anaoufahamu kuliko wake: 4417.

Alikaa chini. Kwanza alicheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe! Wapiganaji walipogonga milango ya avenue, shujaa aliivua beji yake, akaitumbukiza kwenye tundu la mota ya kufulia, akaingia chini ya kitanda kuilinda. Halafu kicheko kikamkatika. Uongo ule alikuwa ameuvumilia mwaka mzima, akijiambia kwamba haumdhuru mtu. Lakini huyu bwana alijua. Tangu siku ya kwanza ya mmmmm alijua kilichomo, na kinavyotoka, ila aliogopa kukutwa na kifuniko mkononi. Alikuwa tayari mvua ije, kibao kioze, Mama Mbelu apotee kati ya watu asiowajua, ili kijibati kile kisionekane. Ernestine alimwona mama yake ameketi jikoni, sahani mapajani, akalia sasa kilio cha kweli.

Kisha akafuta uso. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu nne, akachomeka umeme. Mota ikaondoka kwa mlio, ikazunguka bila hata kukwama, mpira ukapiga, kisu cha kuchongea kikawa hakionekani kwa mbio. Akaizima. Beji akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, na akarudi kwenye sombe.

Kalombo aliporudi, alichomeka umeme mbele ya Mukalay kwa shingo upande, akiwa na maneno yake tayari kuhusu umeme wa Dilala. Mota ikazunguka. Akaruka nyuma. Akamtazama mkewe. Ernestine alikuwa anatwanga.

"Labda ilipumuzika," akasema Ernestine bila kuinua kichwa. "Sawa mugonjwa wa malaria."

Kalombo hakujua aamini nini, na mtu wa namna ile, asipojua, huamini linalompendeza. Dakika chache tu, alikwisha kumweleza Mukalay kwamba mota za Kizungu hazitaki haraka, zinataka mwenye subira. Lakini haki yake apewe: alichonga vizuri. Mpaka jua linashuka alikuwa amemaliza herufi tano, MBELU, zimezama ndani ya mti mgumu, nyoofu, ambazo mvua za miaka mingi hazitazimaliza. Ernestine alipitisha kidole ndani ya kila herufi. Kwa hilo alishukuru, moyoni, na hakumwambia.

Jumamosi asubuhi ukoo ulipanga mstari kwenye lango la makaburi. Kalombo mbele, amevaa abacost, suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, beji mpya inang'aa kifuani, msalaba begani. Akatazama kulia kwake. Ernestine hakuwepo. Akatazama kushoto. Akageuka. Mkewe alikuwa nyuma kabisa, mwisho wa mstari, karibu na Feruzi.

"Bibi, kuja hapa karibu."

"Hapana, Tata. Weye njo ulimupeleka. Tangulia."

Mukalay akatikisa kichwa kukubali. Kalombo akatangulia. Alitembea kwa madaha kwanza, kisha polepole, kisha kama mtu anayetafuta nyumba usiku. Vibao vya wiki ya vita vilikuwa mbele yake, mstari baada ya mstari, vyeusi, bila majina, na kwenye makaburi mengi kikombe au sahani ya marehemu, imetobolewa ili isiibwe. Akapita mstari wa kwanza. Akarudi. Alipita kando ya sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, ileile Mama Mbelu aliyolia chakula miaka yote nyumbani kwake, na ukingoni, wazi kama mchana, 4417. Namba yake mwenyewe. Akaipita. Akasimama kwenye kaburi lenye kikombe cha kijani, akashusha msalaba, akashika kibao cha mtu mwingine.

"Shemeji," Mukalay akaita taratibu. "Una hakika?"

Kalombo akaachia kibao. Akakishika cha pembeni. Watu wakaanza kutazamana. Feruzi alitazama viatu vyake.

Ernestine akatoka nyuma ya mstari, akapita wote, hana haraka. Akafungua pindo la kitenge, akaweka beji ya zamani kwenye kiganja cha mumewe, upande wa namba juu.

"Vaa hii, Tata. Ile mupya haijui njia. Hii njo ulisema balikufungulia nayo njia. Mi niliitoa mu ndani ya mota."

Kalombo alianza kufumba kiganja.  Mukalay alichukua beji, akaigeuza, akasoma namba, akaangalia ile sahani ya bati nyuma ya mgongo wa shemeji yake, akasoma namba ileile. Yeye hakuwa mtu mwepesi, lakini hili halikuhitaji wepesi.

"Ni nani, basi?" akamuuliza dada yake. "Ni nani alimupeleka mama?"

"Feruzi," akasema Ernestine.

Feruzi alikataa kwa mkono, eti yaishe, eti hakuna neno. Ernestine alimshika kiwiko akamsogeza mbele. Basi Feruzi akainama kwenye sahani ya ukingo wa buluu bila kutafuta, akang'oa kibao alichokisimamisha mwenyewe, na ukoo ukaanza kulia, kwa sababu sasa ndiyo ruhusa ilitolewa. Msalaba ulisimamishwa. MBELU. Kalombo alibaki kando ya kaburi la mtu asiyemjua, na hakuna aliyemwita.

Waliporudi nyumbani, Mukalay alikwenda moja kwa moja kwenye mti alipofungwa mbuzi. Akamfungua kamba. Kwenye pembe aliona ile 4417, bado nyeupe. Akamwomba dada yake kisu, kile kilekile cha kumenyea mihogo, akachuchumaa, akaikwangua mpaka haikusomeka, ndipo akampeleka mbuzi kwa Feruzi.